Mkono wa Mado

Kwanza nionyesheni kucha. Nyote. Nyoosheni mikono, viganja chini, na msicheke. Wewe hapo, rangi si kosa, urefu ndio kosa. Hicho ulichonacho kidoleni si kucha, ni kijiko. Mpira wa mikono unachezwa watu wakigusana, na refa anayeanza mechi bila kushika mikono ya wachezaji, mmoja baada ya mwingine, ataimaliza akitafuta pamba na dawa ya vidonda. Pete zinavuliwa. Hereni zinavuliwa au zinafunikwa kwa bandeji. Unamtazama mchezaji usoni, unatazama picha kwenye kadi yake, unageuza mikono yake, unamwambia haya mama, nenda kacheze. Kupuliza kunakuja baadaye.

Mimi ni Mama Sifle. Sifle ndiyo filimbi, kwa wale mliosoma mbali. Jina la ubatizo ninalo, lakini ukiliulizia hapa Likasi hata mume wangu atakuelekeza kwa jirani. Nimepuliza miaka mingi, mechi za wanaume na za wanawake, mpaka magoti yakakataa. Sasa nakaa nyumbani nafuga kuku, na ligi imeniomba nije niseme nanyi vijana kabla hamjapewa sifle zenu. Sikuandika kitu. Nitasema kama yanavyokuja.

Aliyenifundisha ni Papa Kalunga, fundi wa reli, mtu aliyepiga pasi suruali yake hata kama uwanja ni vumbi tupu. Marefa wa mchezo huu ni wawili siku zote, na mimi nilikuwa wa pili wake. Mechi yangu ya kwanza nilipuliza kila kitu. Mtu akikohoa, napuliza. Wakati wa mapumziko akaniita pembeni.

“Mama, hii ni mechi ao ni ndoa?”

“Ni mechi, Papa.”

“Basi acha kupiga muziki. Piga moja, bantu basikie, umalize.”

Na msidhani yeye hakukosea. Siku moja, mimi na yeye, wawili wazima na akili zetu, tulianzisha kipindi cha pili bila timu kubadilisha upande. Wachezaji hawakuona, makocha hawakuona, mchezo ukaendelea vizuri tu, mpaka mama mmoja muuza ndizi akapiga kelele: “Ee! Mbona mutoto yangu anakimbilia goli ile ile?” Papa Kalunga alisimamisha mechi, akavua kofia mbele ya yule mama, akamwambia asanti. Kisha tukafuta magoli yote ya kipindi kile na tukaanza upya. Kocha mmoja alitaka kutupiga. Papa Kalunga alimwambia atupige baada ya mechi, sasa ana kazi. Nilimpenda sana mzee yule.

Enzi zile mistari tulichora kwa chokaa, na mvua ikinyesha uwanja unabaki bila mwanzo wala mwisho. Nyavu za magoli tulishonewa na wavuvi wa ziwa Tshangalele. Zilipofika mara ya kwanza zilinuka samaki kiasi kwamba paka wa mtaa mzima walihamia golini. Leo mna rangi inayodumu, mna nyavu za dukani, mna sifle zisizo na punje ndani. Na mna simu. Jamani, simu! Kila mtu jukwaani ni refa siku hizi. Unapuliza kosa, kabla hujashusha mkono mtu anakuonyesha picha kwamba umeona vibaya. Fanyeni hivi: msiitazame. Ukiitazama mara moja, utakuwa refa wa simu mpaka uzeeni.

Hizo simu ndizo zilizowaletea mabishano niliyoyasikia mchana huu mlipokuwa mnakula. Mlikuwa mnagombana kama mtu aliyezaliwa akaitwa mvulana, na anaishi kama mwanamke, anaruhusiwa kucheza na wanawake. Mmoja alisema haki ni haki. Mwingine akamwita mshamba. Wa tatu akataja Biblia, wa nne akataja Ulaya, na yule wa pembeni akasema mambo hayo hayako kwetu, ni ya televisheni. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa natafuna. Sasa nimemeza. Mambo hayo yako kwetu, bana. Yalinikuta kwenye uwanja wetu wa saruji, na niliyapuliza mimi.

Aliitwa Mado. Anaitwa Mado, kwa sababu yuko hai na mwezi uliopita tu tumesalimiana sokoni. Ni mtoto wa Kakanda, kule kwenye machimbo. Alipozaliwa waliandika mtoto mwanaume. Tangu alipojua kusema, alisema yeye ni msichana. Wazazi walimwacha kwa nkambo wake, yaani bibi mzaa mama, muumini mkubwa wa kanisa la uamsho, mama wa kufunga na kukemea. Nkambo alimpiga, akamwombea, akampeleka kwa wachungaji wakamshika kichwa, akarudi vilevile. Yule bibi aliniambia mwenyewe: siku moja alichoka, akamkalisha kati ya magoti yake, akaanza kumsuka nywele. Akasema, “Basi, kaa vizuri, usitikisike.” Kuanzia siku hiyo nyumba ile haikubishana tena.

Hapo Kakanda kila mtu alijua. Hakuna aliyeficha kitu. Timu ya wasichana ya Kakanda ilimwandikisha Mado kama Mado, ligi ikampa kadi yenye picha yake, na mimi nilimkuta kwenye mstari kama wengine, mikono mbele, kucha zimekatwa vizuri kuliko zote. Mikono yake ilikuwa mikubwa, yenye unga kwenye mikunjo, kwa sababu anauza mandazi kwa wachimbaji. Nilimwambia haya mama, nenda kacheze.

Na alicheza, mama wee! Mimi nimeona wapigaji wengi, lakini mpira ukitoka kwenye mkono wa Mado huuoni ukiondoka, unauona umefika. Nasema ukweli wote, maana nanyi mtatakiwa kuusema wote. Katika mechi ya makundi, Kakanda ilicheza na Kikula, timu ya hapa mjini, na kipa wa Kikula, binti anayeitwa Sifa, alizuia mpira wa Mado akavunjika kidole. Kilisimama upande ambao kidole hakisimami. Mado alikuwa wa kwanza kumfikia, akapiga magoti, akalia kuliko mwenye kidole. Lakini kidole kilivunjika. Mnasikia? Niliona kile kidole na niliona yale machozi, vyote kwa macho haya, na anayebishana akiwa ameshika kimoja tu hakusimama niliposimama mimi.

Sasa mjue Béa. Beatrisi, kapiteni wa Kikula, mwalimu wa shule ya msingi ya masista, mama wa watoto, mwenye goti lililofungwa bandeji tangu nimjue. Mshindi wa Likasi huwa anakwenda Lubumbashi kwenye mashindano ya jimbo. Béa alikuwa amekosa safari hiyo kila msimu: mara mimba, mara goti, mara goli moja la mwisho. Mwaka huo aliwaambia wenzake wazi kwamba ni wa mwisho kwake. Fainali ikawa Kikula na Kakanda. Mnaelewa sasa. Kwa Béa ilikuwa Lubumbashi au basi. Kwa Mado ilikuwa kucheza au kutocheza tena mahali popote.

Siku ya fainali uwanja ulijaa mpaka watu wamekaa juu ya ukuta. Refa mwenzangu alikuwa anakagua nyavu, nami nimemaliza kukagua mikono ya Kikula, naingia kwa Kakanda, nikasikia sauti zinaanza upande wa jukwaa. “Bamuangalie! Bamuvue, tuone!” Mwanzo watu wachache, kisha wengi. Papa Ferdina, mmoja wa kamati ya mashindano, mtu mzuri siku nyingine zote, akanijia akitoka jasho.

“Mama Sifle, weye ni mwanamuke. Umuingize mule mu chumba ya kuvalia, umuangalie kidogo tu, utuambie. Bantu banyamaze.”

“Niangalie nini, Papa Ferdina?”

“Aa, weye unajua.”

“Minye sijue. Kadi yake iko muzuri, picha ni yake. Kazi yangu inaishia ku makucha.”

“Mama, bataharibu uwanja!”

“Bataharibu uwanja, tutajenga uwanja. Mutoto ya bantu ukimuvua, utamujenga na nini?”

Niliogopa, msifikiri sikuogopa. Mado alikuwa amesimama palepale kwenye mstari, mikono bado mbele, akinisubiri nimalize kumkagua, na machozi yanamshuka bila sauti. Nilimshika mikono, nikaigeuza, nikaiachia. Halafu nikafanya alichonifundisha Papa Kalunga kwa siku ambazo sifle haitoshi.

Ni desturi ya viwanja vyetu, na nyinyi mnaanza kuiacha, mjue mnaacha kitu. Kelele ikizidi, refa anauweka mpira katikati ya uwanja na kuwaita makapiteni. Wanachuchumaa, kila mmoja anaweka mkono juu ya mpira. Mwenye mkono juu ya mpira ndiye anayesema. Wengine wote, kocha, kamati, mchungaji, mume wa mtu, wananyamaza. Akimaliza anaondoa mkono, na alichosema amekisema mbele ya watu, hakigeuzwi. Nilipuliza moja, ndefu. Nikauweka mpira. Béa akaja akichechemea. Kapiteni wa Kakanda akaja, akautazama mpira, akageuka akamwita Mado achuchumae mahali pake.

Uwanja ulinyamaza. Nasema ulinyamaza hata malori ya barabarani tukayasikia.

Béa akaweka mkono. “Minye Béa wa Kikula. Nasema mbele ya bantu bote, na mbele ya weye Mado, siendi kusema ku mugongo yako. Minye naona haiko sawa ucheze na siye. Mukono yako iko na nguvu ya kupita yetu. Sifa alivunjika kidole juu ya mupira yako. Nilifanya mazoezi na mimba, nilifanya mazoezi na goti hii, na leo ni mara yangu ya mwisho. Malalamiko yangu nitayapeleka ku ligi, na ligi itajibu. Ile njo moja.” Akavuta pumzi. Akageuza uso kwenye jukwaa. “Ya pili ni hii. Muntu mwenye anataka kumuvua Mado, ashuke hapa, aanze na minye. Minye ni mama wa batoto, akuje anivue mbele ya batoto yangu. Nani anakuja?”

Hakushuka mtu. Mwanaume mmoja aliyekuwa amesimama juu ya ukuta alikaa.

Mado akaweka mkono wake kando ya mkono wa Béa. Sauti yake ilikuwa ndogo, tukasogea kusikia. “Minye Mado wa Kakanda. Sikukuya kuiba kintu ya muntu. Ku timu ya banaume nilijaribu, balinipiga mpaka nikalala ku hospitali. Fasi ya kucheza niko nayo ni hii tu. Béa anaona haiko sawa, minye naona iko sawa. Lakini Béa amesema mu macho yangu. Muntu hajasema na minye hivi tangu nizaliwe.” Akaondoa mkono.

Mimi nilikuwa na sheria mkononi, na sheria ya siku ile ilikuwa wazi: kadi halali, mchezaji anacheza, malalamiko yanapelekwa baadaye kwa wakubwa. Nikasema hivyo kwa sauti. Nikapuliza. Tukaanza.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho Papa Kalunga hakunifundisha. Mado alianza kucheza kwa uongo. Golini kwa Kikula alikuwa amesimama Rashel, kipa wa akiba, mwembamba kama fagio. Mado akipata mpira anarusha polepole, Rashel anaupokea kama mtu anayepokea mkate dirishani. Mara ya kwanza nikadhani amekosea. Mara ya pili nikajua. Mara ya tatu nilinyanyua mkono, ile ishara yetu ya kuonya timu isiyotaka kushambulia. Kabla sijapuliza, Béa alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

“Weye! Unanihurumia? Nani alikuomba huruma?”

Mado aliudundisha mpira mara moja, akaushika.

“Kama unacheza, cheza! Nilisema haiko sawa, sikusema ucheze uongo. Unataka nishinde hivi? Nikaseme nini kwa batoto yangu, eti bananiachia?”

Sheria inasema kumpigia kelele mpinzani ni dakika mbili nje. Nilipaswa kumtoa. Nilimtoa, na alipokuwa anatoka nilitamani kumbusu. Andikeni hivyo kama mnataka: refa ana moyo, lakini anautoa nje kwa dakika mbili kama mchezaji mwingine.

Béa aliporudi, Mado alirusha mpira ukagonga mwamba wa goli, mwamba ukalia, watu wakashika vichwa. Rashel alichuchumaa, kisha akasimama akapiga makofi usoni mwake mwenyewe, akapanua mikono. Kuanzia hapo tukapata fainali. Béa alipita kati ya watu watatu na goti lile lile. Rashel alizuia mipira miwili ya Mado kwa mapaja na akacheka kama mwehu. Mado alifunga, akafunga tena. Walikwenda sawa mpaka mwisho, na sekunde za mwisho Mado aliruka, akaning'inia pale juu, akapiga. Kakanda walishinda kwa goli moja. Goli moja la mwisho, tena, kwa Béa.

Béa alikaa chini kwenye saruji. Mado akaenda akamnyooshea mkono. Béa aliutazama ule mkono. Akaushika, akasimama.

Malalamiko yake aliyapeleka, kama alivyosema. Wakubwa walikaa wakagawanyika, najua kwa sababu waliniita nieleze, na nilieleza kidole na nikaeleza machozi. Wengine walisema wasichana wanahitaji uwanja wao ulindwe. Wengine walisema Mado naye anahitaji mahali pa kusimama. Sikuona mtu wa roho mbaya mle ndani, ndiyo maana ilikuwa ngumu. Mwishowe uamuzi ukaja kwa simu kwa viongozi wa timu: ushindi unabaki wa Kakanda kwa kuwa kadi ilikuwa halali, lakini Lubumbashi Mado asicheze, mpaka wakubwa wa juu waseme lao. Tena, kwa desturi yetu timu inayokwenda jimboni inaazima mchezaji kutoka kwa aliyeshindwa. Viongozi wa Kakanda waliomba Béa, kabla Mado mwenyewe hajaambiwa.

Siku hiyohiyo Béa alikuja kwangu, bado na chaki mikononi.

“Mama, tuende Kakanda.”

“Kufanya nini? Batamupigia simu.”

“Bado habayamupigia, nimebaomba bangoje. Habari ya vile haipite mu telefone, Mama. Minye njo niliomba. Minye njo nitamuambia.”

Tulikodi pikipiki, sisi wawili nyuma ya kijana mmoja, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Tulimkuta Mado uani anakanda unga kwenye beseni kubwa, nkambo wake kando anapepeta mchele. Béa alikataa kiti. Alisema akiwa amesimama: wamekukataa, ni kwa malalamiko yangu, na mahali pako wameniita mimi, na kama ingekuwa leo ningelalamika tena.

Mado hakuacha kukanda. Alikanda, alikanda, machozi yakidondokea nje ya beseni kwa sababu aligeuza uso. Nkambo ndiye aliyesema.

“Umekuja kuomba musamaha, mwalimu?”

“Hapana, Mama. Nilikuja aniangalie ku macho. Kama iko na kintu ya kuniambia, aniambie.”

Mado akafuta mikono kwa kitenge. Akamtazama. Nilidhani atamfukuza, na ningemwelewa. Alisema, “Kipa wa Lubumbashi ni mukubwa. Na mukono yako haitafika.”

“Najua,” Béa akasema.

“Bantu banafikiri minye ni nguvu. Nguvu iko, sikatae. Lakini kipa hapime nguvu. Kipa anapima bega. Bega yako inasema mapema.” Akachukua donge la unga, akalizungusha likawa duara. “Simama pale.”

Na hapo uani, vijana, niliona jambo ambalo kwa miaka yangu yote sikuliona mahali pengine. Mado alimfundisha Béa mpigo wake. Mpigo ule ule. Alimshika kiwiko akakiinua, akamwonyesha kuuficha mpira nyuma ya sikio, bega limelala kama la mtu asiye na haraka, na kuchelewa, kuchelewa, mpaka kipa achoke kusubiri na kuanza kuanguka, ndipo kifundo cha mkono kinapinda na mpira unadunda chini mbele ya miguu yake. Donge la kwanza la Béa liliua nyanya. La pili lilimkosa jogoo. Nkambo alipiga kelele kwamba unga unanunuliwa. Mado akamwambia Béa, “Haina vile, yaya, unakuwa na haraka ya nini?” Alimwita yaya, dada mkubwa. Béa alisikia, akarusha tena. Walirudia mpaka jua likaenda upande wa pili wa nyumba, na wachimbaji siku hiyo hawakupata mandazi. Mimi nilikaa kwenye kile kiti nikalia bila kujificha. Nilikuwa nimepuliza miaka yote ile nikidhani najua wachezaji wakubwa ni watu gani.

Tuliwabana Mado na nkambo waje Lubumbashi. Mado alikataa, kisha akakubali, akavaa nguo yake ya kanisani. Tulikaa pamoja jukwaani, Mado katikati, nkambo na kanga zake upande wake wa kulia, nyuma yetu watu wa Kakanda na ngoma. Béa alikuwa uwanjani na jezi ya Kakanda, goti limefungwa. Kipa wao kweli alikuwa mkubwa, akinyoosha mikono goli linakwisha. Alimzuilia Béa mpira wa kwanza, akamzuilia wa pili, tena akicheka.

Kisha Béa akapata nafasi upande wa kushoto. Akaruka. Nikaona kiwiko kinapanda, mpira unapotea nyuma ya sikio, bega limelala. Alichelewa. Yule kipa akasubiri, akasubiri, akaanza kuanguka, na mpira ukadunda mbele ya viatu vyake ukaingia.

Watu wa Kakanda hawakutazama ni nani. Waliuona ule mpigo tu. Ngoma zikalipuka, na jukwaa zima nyuma yetu likaita kwa sauti moja: “Mado! Mado! Mado!” Wengine wakashtuka katikati ya kelele, wakakumbuka kwamba aliyefunga ni Béa. Lakini jina lilikuwa limeshatoka.

Béa aligeuka. Nilidhani ataudhika, ni goli lake, alilingoja maisha yake yote. Akaanza kututafuta jukwaani kwa macho, mstari kwa mstari, mpaka akatupata. Akanyanyua mkono wake wa kulia juu kabisa, akaupiga kwa kiganja cha kushoto ili kila mtu auone, kisha akamnyooshea kidole Mado. Na yeye akaita pamoja nao.

Mado akasimama. Nkambo alimshika nguo kwa nyuma, akaivuta: kaa, mutoto, kaa, bantu banaona.

Hakukaa.